Mengineyo

Alikuja Jumanne, binti wa chuo kikuu,
viatu vyeupe katika tope la Walukuba,
karatasi kifuani, kalamu sikioni,
akaniuliza mimi mwenye mizani:
"Watu wa hapa, kwa nini wanatenganisha taka?"
Akanionyesha visanduku vya kutia tiki:
pesa, sheria, afya, mazingira.
Na cha mwisho, kidogo kuliko vyote: mengineyo.

Nikamwambia keti, dada. Vuta lile debe.

Pesa ipo, sikatai. Drani yule, wa darasa la tano,
huniletea chupa zimekanyagwa bapa,
na huusoma mshale kabla yangu.
Anataka viatu. Bei anaijua, duka analijua.
Siku moja alitia maji chupani kilo ziongezeke;
nikayamwaga, tukacheka, kesho yake akarudi.
Haya, huyo mtie kwenye pesa.

Lakini Mzee Okumu utamweka wapi?
Miaka ishirini na miwili alichambua pamba kiwandani,
mpaka siku king'ora kiliponyamaza.
Sasa anachambua vifuniko: buluu huku, vyekundu kule,
na nikimwambia bei ni moja, rangi si kitu,
hunitazama kama niliyemtukania mama.
Mikono haijastaafu, dada.
Kuna kisanduku cha mikono?

Na Kagoya, wa nyumba ya bati la kijani?
Mwaka ule mfereji ulipozibwa na makavera
maji yaliingia kwake bila hodi, yakapanda kitandani,
yakaondoka na godoro na cheti cha mwanawe cha kuzaliwa.
Tangu hapo ganda la matoke halilali na plastiki.
Maganda kwa mbuzi, majivu chooni,
vumbi la makaa analifinyanga vitonge vya kupikia.
Si mapenzi ya mazingira hayo. Ni hasira.
Anaosha kila chupa kama anayemsuta mtu.

Candiru huja Ijumaa na chupa moja tu,
ya dawa ya kifua ya marehemu mumewe,
ingawa kwake zimejaa sanduku.
Sipimi. Nampa kiti.
Ananieleza hiyo ilinunuliwa lini, nani alikopesha hela,
kisha anaitia guniani mwenyewe, polepole,
kama mtu anayelaza mtoto.
Zimebaki tisa.
Sijui atakuja na nini zikiisha.

Binti akaacha kuandika.
"Na wewe?"

Mimi nilikuwa mtupaji wa usiku.
Nilifunga kila kitu kavera moja, nikangoja mwezi uzame,
nikalirusha uani kwa Waiswa,
nikalala usingizi wa mwenye haki.
Asubuhi mbwa wake akalirudisha.
Alilichana mlangoni pangu, watu wakienda kanisani,
akatandaza maisha yangu kama mchuuzi wa mitumba:
barua ya deni,
chupa za waragi niliyoapa nimeiacha,
mkate mzima ulioota ukungu,
na jirani yangu wa kushoto watoto wake walilala na uji.
Hakuna aliyenisema. Taka zilinisema.
Waiswa akatoka na ufagio, akaninyooshea, akaenda zake.

Nikaanza kutenganisha jioni ile ile,
si kwa wema,
ila nijue ninachotupa kabla mbwa hajajua.
Wema, kama upo, ulikuja nyuma,
ukapitia mlango wa uani.

Binti akakodolea karatasi yake kwa muda.
Akatia tiki moja, chini kabisa.

Alipoondoka alisahau chupa yake ya maji juu ya debe, tupu.
Nikaiweka kwenye mizani.
Mshale haukutikisika.
Nikaikanyaga, nikaitia guniani na nyingine.